Wanawake Wasiotishika wa Vitabuni, na Binti Aliyetutoa Pini



Sisi ni akina mama sita wa Kibuli, hapa Kampala, pamoja na mabinti zetu. Kila Jumapili baada ya swala ya Alasiri tunakutana nyumbani kwa mmoja wetu, tunakunywa chai ya maziwa na kabalagala, kisha tunasoma kitabu cha Kiswahili kwa sauti. Kitabu huwa kimoja tu, maana hapa kwetu si rahisi kuvipata. Vingi vyetu tumeagiza kwa watu wanaosafiri kwa basi kutoka Nairobi. Mmoja anasoma, wengine tunasikiliza.

Hajati mkubwa kati yetu hucheka kila tunapoanza. Yeye alikuwa msichana mwaka 1973, serikali ya Idi Amin ilipotangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Lakini Kiswahili alichokisikia yeye kilikuwa cha askari kwenye vizuizi vya barabarani: simama, shuka, lala chini. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilipokiidhinisha kuwa lugha rasmi na kutaka kifundishwe shuleni, wazee wengi wa mji huu walikumbuka sauti ile ile. "Mimi," husema Hajati, "sikujua kwamba Kiswahili kina wanawake."

Basi mwezi uliopita mabinti walituomba kila mmoja amtaje mwanamke wa hadithi anayempenda kwa ushujaa na ukali wake. Tuliweka sharti moja tu: awe wa kubuni. Bibi Asiya na Bibi Khadija (Allah awe radhi nao) si wahusika wa hadithi. Hao ni viigizo vyetu, na hatuwapigii kura. Waliotajwa zaidi ni hawa wanne.

1. Shahrazad wa Alfu Lela Ulela. Mfalme anaoa kila usiku na kuua kila asubuhi. Binti wa waziri anajitolea kuolewa naye, na baba yake anamkataza kwa kila njia. Kumbukeni kwamba baba yule hakuwa mbaya. Aliogopa kwa sababu alimpenda. Lakini binti alikuwa amesoma sana, na alikuwa na mpango. Alimwandaa mdogo wake aombe hadithi usiku, na hadithi ikawa ngao yake na ya wasichana wote wa mji. Hakushika kisu hata siku moja.

2. Lawino wa Okot p'Bitek. Huyu ni wa kwetu Uganda. Kitabu kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1966, na tafsiri ya Kiswahili ya Paul Sozigwa, Wimbo wa Lawino, ikatoka mwaka 1975. Lawino ni mke wa Kiacholi ambaye hakwenda shule. Mumewe Ocol amesoma, anamdharau yeye pamoja na mila zao, na ana mwanamke mwingine wa mjini. Si kila neno la Lawino tutalichukua, maana ulimi wake ni wembe. Lakini anamsimamia msomi na kumhoji jambo moja baada ya jingine, na mwisho msomaji anajiuliza ni nani kati yao aliyeelimika.

3. Tunu wa Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea. Huyu ndiye kipenzi cha mabinti. Mtawala Majoka amefunga soko ambalo wanyonge wanapata riziki. Tunu anasimama kudai haki yao. Anatakiwa aolewe na mtoto wa mtawala, anakataa. Anapigwa na wahuni, mguu unaumia, anarudi kwa mkongojo na kuendelea. Binti mmoja wa miaka kumi na miwili alisema anampenda Tunu kwa sababu "hakungoja apone."

4. Maimuna wa Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar, iliyotoka mwaka 1980. Hapa ndipo mjadala ulipowaka.

Wasomaji wanaoijua riwaya hii wanajua kwa nini. Bwana Maksuudi, mtu mwenye jina na mali, anamfungia mkewe Bi Tamima na binti yake Maimuna ndani ya nyumba. Mwenyewe huko nje anafanya atakalo. Nyumba inavunjika, Maimuna anatoroka akiwa hajui lolote kuhusu dunia, na dunia inamchezea. Anaishia kwenye mabaa na ulevi, kabla ya kuinuka tena. Sisi akina mama hatukutaka mabinti wasome sehemu zile. Kwa hiyo, tunakiri mbele yenu, tulizibana kurasa zile kwa pini za karatasi.

Binti mmoja alizitoa. Ana miaka kumi na minane. Hakuficha; Jumapili ile aliziweka pini zote kwenye kisahani cha chai, akasema, "Mama, samahani. Lakini Maimuna hakuharibika kwa sababu mlango ulifunguliwa. Aliharibika kwa sababu ulifungwa mpaka akawa hajui hata kuuliza njia."

Tulinyamaza sote. Kila mmoja wetu alijua anasema nini. Binti huyu alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi na ukunga, magharibi mwa nchi, safari ya saa nyingi kwa basi. Wazazi wake walikuwa wamekataa. Sisi wengine tulikuwa tumewaunga mkono na kusema maneno yale yale: mbali, peke yake, watu watasema nini. Tulikuwa tunampigia makofi Tunu kila Jumapili, na huku tunamkalisha nyumbani Tunu wetu.

Mama yake hakujibu siku ile. Alizikusanya pini, akazitia mkobani, akaenda zake. Tulidhani amekasirika. Baadaye alitueleza kwamba usiku ule alimsomea mumewe kurasa zile zile tulizozibana, mpaka karibu na saa sita. Mume alisikiliza, kisha akauliza jambo moja tu: "Huyo Maksuudi, alikuwa anaswali?" Mama akajibu kwamba watu walimwona mtu wa heshima. Mume akakaa kimya muda mrefu.

Hatusemi kwamba hofu ilikwisha. Baba alimpeleka binti mwenyewe mpaka chuoni, akatazama bweni, akauliza msikiti uko wapi, akazungumza na mlezi wa wasichana, ndipo akarudi. Bado anampigia simu kila baada ya Ishaa, na binti analalamika kidogo. Sisi tunaona hivyo ndivyo inavyopasa. Mzazi anayeogopa si Maksuudi. Maksuudi ni yule anayefunga mlango na kuita kufuli hilo malezi.

Tumejifunza pia kwamba wanawake hawa wanne hawafanani. Mmoja alishinda kwa akili, mmoja kwa ulimi, mmoja kwa ustahimilivu, na mmoja alianguka kwanza ndipo akajua nguvu zake. Na sisi tungependa mabinti zetu waupate ushujaa huo bila ya kulazimika kuanguka.

Hajati mkubwa ndiye aliyefunga kikao kile. Alisema, "Kumbe wapo. Walikuwa wanangoja tuwasome."

Kitabu chetu cha Utengano sasa kina matundu madogo pembeni mwa kurasa kadhaa. Tumeamua kutokinunua kingine.

Je, nyumbani kwenu ni kurasa gani zimebanwa? Kaeni na mabinti zenu, wasomeeni, nanyi mwasikilize.

Wabillahi tawfiq.