Kengele ya Chipole

Mwezi huu sikupeleki ufukweni. Hakuna bwawa la kuogelea, hakuna chakula cha usiku kwa mwanga wa mishumaa, wala chumba cha fungate. Nakupeleka Songea, halafu Peramiho, halafu kusini zaidi hadi Chipole, kwenye nyumba ya masista. Usifunge gazeti kwanza! Safari hii ina mapenzi ndani yake kuliko nyingi nilizokwishaandika humu, na kuna kijana wa watu alibaki Dar es Salaam akisubiri jibu.

Mwenye safari hasa ni mdogo wangu. Ana miaka 27, ni muuguzi mkunga, ana mshahara wake, amepanga chumba na sebule Tabata, na ana mchumba wa miaka miwili ambaye nyumbani tulishazoea kumwita shem. Tangu mwaka jana akawa anasema anasikia wito wa utawa. Mwanzoni tulidhani ni uchovu wa zamu za usiku. Mama akasema achukue likizo, atatulia. Likizo ikaisha, wito ukabaki palepale. Mwisho shem mwenyewe, kwa upole ambao sijui aliutoa wapi, akamwambia, "Nenda ukaangalie. Ukirudi uniambie moja, nisikae katikati." Kwa hiyo siku ya kurudi ndiyo ilikuwa siku ya jibu.

Sasa kuna jambo ambalo sisi wa nje huwa hatulifikirii. Binti akisema anataka kuwa sista, ni sawa na kusema anataka kuolewa. Vizuri, lakini na nani? Mashirika ni mengi na hayafanani. Wapo wanaoishi ndani ya ugo, kama Wakarmeli wanaofuata njia aliyoianzisha Mtakatifu Teresa kule Ávila, Hispania, mwaka 1562. Hao siku yao ni sala, ukimya na kazi za mikono humohumo ndani, na ndugu huwaona kwenye chumba cha wageni. Upande wa pili wapo masista wa shule na hospitali, wale uliozoea kuwaona wanaendesha gari wenyewe, wanapanga foleni benki na kusimamia ujenzi wa madarasa.

Na hata hao wa hospitali, mlango wa wodi ya wazazi ulichelewa kufunguka. Sheria za Kanisa ziliwabana watawa wasifanye ukunga mpaka mwaka 1936, Roma ilipowaruhusu rasmi. Mwaka uliofuata Marie Martin, mwanamke wa Ireland, akaanzisha nchini Nigeria shirika la masista wa tiba, wakunga wakiwemo. Mdogo wangu aliposoma habari hiyo alifurahi kama kapandishwa cheo. Halafu akanyamaza, akasema kitu kilichotupandisha basi la Songea: "Nikiingia Karmeli nitawakumbuka watoto wangu wa leba kila siku. Nikiingia kwa wale wa kazi tupu, nitakuwa hivihivi nilivyo, ila nimevaa shela. Kama ni kuchoka tu, dada, si nachoka tayari?"

Basi akataka shirika lenye vyote viwili. Wabenediktini ndio wanaojulikana kwa hilo, sala na kazi, na kwa Tanzania ukisema Wabenediktini wenyeji watakuelekeza kusini.

Safari ya basi sitaisimulia sana. Toka Mbezi alfajiri, pita Mikumi ukiwatafuta tembo dirishani, panda Kitonga moyo mkononi, Makambako pinda kushoto, Njombe ukumbuke sweta uliloliacha nyumbani. Songea unaingia giza limeshatanda na miguu imevimba.

Kesho yake tukaanza na Peramiho, magharibi ya mji. Ukiliona kanisa lile kubwa la mawe katikati ya kijani, utadhani umekosea nchi. Misheni ilianzishwa mwaka 1898 na Padre Cassian Spiss, Mbenediktini. Mwaka 1905 vita vya Majimaji vikafika huku. Spiss, ambaye wakati huo alikuwa askofu, aliuawa njiani pamoja na mabruda wawili na masista wawili, na Peramiho ikachomwa moto. Ukirudi Songea mjini, pita kwenye Makumbusho ya Majimaji uone na upande wa pili: wazee na viongozi wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani mwezi Februari 1906. Nasema hivi kwa sababu eneo hili halikupewa dini kwenye sahani ya dhahabu. Watu wake wana sababu zao za kuitafakari kabla ya kuikubali, na pengine ndiyo maana walipoikubali waliifanya ya kwao.

Chipole ni ushahidi. Mwaka 1938 lilianzishwa hapa shirika la masista wenyeji, Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes. Ni wasichana wa huku, wanasali kwa Kiswahili na kushika jembe kwa mikono yao. Ukifika unaona majengo, bustani, ng'ombe, na watoto yatima wanaolelewa na masista. Lakini kilichoniacha mdomo wazi mimi ni umeme. Masista hawa walijenga mtambo wa umeme wa maji pale Tulila, kwenye Mto Ruvuma, wa megawati 5, na mwaka 2015 wakaanza kuiuzia TANESCO! Enzi hizo Songea ilikuwa haijaunganishwa na gridi ya taifa, majenereta ya dizeli ndiyo yalikuwa yakiunguruma mjini. Yaani unawasha pasi yako asubuhi kwenda kazini, kumbe umewashiwa na masista. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia karne ya 6, inataka monasteri iwe na maji, kinu na bustani ndani yake, watu wasilazimike kuzurura nje. Sidhani kama mzee huyo aliwahi kuota kinu cha megawati 5.

Tulifika mchana. Jioni kengele ikalia.

Naomba hapa tutulie kidogo, maana kwangu hapa ndipo safari ilipokuwa. Sisi wa mjini tuna kengele kibao: simu, kikundi cha ofisi, bosi, dereva wa bodaboda aliye getini. Zote zinaita uongeze kazi. Hii ilikuwa inaita watu waache. Aliyekuwa kwenye tuta la mboga akasimamisha jembe. Hakumalizia tuta, na jamani, lilibaki kidogo sana! Mimi mkono uliniwasha nikamalizie. Baada ya muda mfupi kanisa likajaa sauti za zaburi, upande mmoja unaimba, wa pili unajibu, bila haraka yoyote. Mdogo wangu, ambaye kwa kawaida akikaa dakika kumi lazima atazame saa, hakuitazama.

Ila yeye ni mkunga, na mkunga humdanganyi kwa nyimbo nzuri. Baadaye, sista aliyetupokea alipotuuliza kama tuna swali, akauliza lile alilosafiri nalo kutoka Dar. Kengele ikilia na mama yuko kwenye uchungu, njia imefunguka sentimita 8, mnafanyaje?

Sista akacheka, kisha akatueleza bila kupepesa. Mama haachwi. Kanuni yenyewe inasema walio kazini mbali wasioweza kufika kanisani wasali palepale walipo, na kwa wakati uleule. Sala haifutwi, inahamia wodini.

Mdogo wangu hakuridhika. Na usiku wa pili? Na wa tatu? Kama wakunga ni wachache, si huyohuyo mmoja atakuwa anakosa kanisa mwezi mzima, mpaka anasahau kwa nini alikuja? Hapo sista hakucheka. Alikubali kwamba hilo linatokea, kwamba kazi ina njaa na itakula kila saa utakayoipa, na kwamba ni wajibu wa mkubwa wa nyumba kupanga watu ili kila mmoja apate zamu yake ya kusali kama anavyopata zamu ya kazi. Nilimwona mdogo wangu anaandika kwenye kidaftari. Nadhani ndipo alipoanza kuamua. Katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kukutana na mkubwa ambaye kazi yake ni kuhakikisha wewe umeacha kazi.

Kama nawe una ndugu au rafiki anayetafuta shirika, basi asiangalie picha za kwenye vipeperushi wala rangi ya shela. Aombe ratiba ya siku, halafu akae siku tatu aone kama inafuatwa. Ratiba ndiyo inayosema shirika linapenda nini.

Kuna lingine zito. Watu wakisikia nadhiri wanakimbilia useja, eti hataolewa, maskini. Mimi baada ya siku zile naona nadhiri ngumu ni utii. Sista mkunga anaweza kuambiwa kesho aende akashike hesabu za shule, au asimamie mifugo, na wodi akaaga. Wabenediktini wana na nadhiri ya uthabiti: unajifunga kwa jumuiya moja, watu walewale, mezani wanaotafuna kwa sauti na kanisani wanaoimba nje ya ufunguo, mpaka kaburini. Wanandoa mnaosoma hapa mnaielewa hiyo kuliko mimi.

Angalau hawakurupuki. Benedikto aliagiza mgeni asifunguliwe mlango kirahisi, na akishaingia asomewe Kanuni yote baada ya miezi 2, tena baada ya 6, tena baada ya 4, kila mara akijua yuko huru kuondoka. Siku hizi kuna upostulanti, kisha unovisi usiopungua miezi 12 wala kuzidi miaka 2, kisha nadhiri za muda za miaka 3 hadi 6, na ikibidi huongezwa mpaka 9, ndipo zije za daima. Sisi huku kamati ya harusi inakaa miezi mitatu, viwili kati ya hiyo vinaishia kwenye kubishania ukumbi.

Kilichotusimamisha kabisa hakikuwa sala wala kazi. Kilikuwa pesa. Mdogo wangu ana mkopo wa benki aliouchukua kumsomesha mdogo wetu wa mwisho, aliye chuo. Kumbe sheria ya Kanisa inakataza kumpokea unovisi mtu mwenye madeni asiyoweza kuyalipa. Na ni haki, maana ukishaweka nadhiri ya ufukara mshahara si wako tena, benki itamdai nani? Mama naye, tulipompigia simu kutoka Songea, hakuuliza habari za zaburi. Aliuliza, "Na mimi nani atanitumia hela ya dawa?" Tukaelewana pale stendi, spika ya simu ikiwa wazi na abiria wote wakisikiliza, kwamba dawa za Mama ni juu yangu. Sikuipenda sana hiyo hesabu, nawaambia ukweli, lakini nimeibeba.

Njiani kurudi mdogo wangu alilala mpaka Makambako. Alipoamka akasema, "Chipole, dada," kama mtu anayetaja kituo cha kushukia.

Jibu alimpa shem mwenyewe, wawili tu, na mimi sikuuliza walisemezana nini. Ameshapeleka barua ya kuomba, pamoja na cheti cha ubatizo na barua ya paroko. Makato ya mkopo yamebaki ya miezi 11, kwa hiyo bado yuko Tabata, bado anaingia zamu za usiku, na kwa muda aliobakiza sehemu ya sebule imeshakuwa na nafasi, maana makochi kampa mdogo wetu. Shem huja Jumapili mojamoja kumsalimia Mama. Mama hajui tena amwite nani, kwa hiyo siku hizi anamwita mwanangu, na anampakulia wali kwanza.