Si Pombe, Bali Lango Limezibika

Mjini Koboko, karibu na mipaka ya Kongo na Sudan Kusini, aliishi koplo mmoja mstaafu ambaye tumbo lake lilikuwa gumzo la mtaa. Chini ya mbavu za kushoto palikuwa na uvimbe mgumu. Jirani mmoja alidai amelogwa. Mwingine akanena kuwa ni pombe za kambini zinamdai. Koplo hakuwa mnywaji. Mkewe alijua hivyo, lakini ni nani amsikilizaye mke anayemtetea mumewe?

Usiku mmoja alitapika damu. Kulipopambazuka akasema itapita.

"Baba watoto," mkewe akajibu, "damu ya kujaza beseni si ya kupita. Twende."

Koboko alitundikiwa maji, kisha akapelekwa hospitali ya rufaa ya Arua, mwendo wa kilomita 50 na zaidi. Huko daktari hakuanza kwa kuuliza pombe. Aliuliza habari za maji. Koplo akakumbuka miaka ya ulinzi Rhino Camp, ukingoni mwa Nile, alikooga, kufua sare na kuvua samaki. Ukanda huo wa mto, tangu Pakwach, ni makao ya kichocho cha matumbo. Konokono wa majini hutoa vijidudu vipenyavyo ngozi. Vikikua huwa minyoo ikaayo katika mishipa ya damu ya matumbo, na baadhi ya mayai yake huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, yakaacha makovu.

Hapo ndipo penye siri. Damu itokayo matumboni na katika bandama, ambayo wengine huiita wengu, huingia katika ini kwa mshipa mmoja mkubwa, nao ni mshipa wa lango. Makovu yakiibana njia, damu hujazana nyuma yake kama magari kwenye kizuizi cha barabarani. Shinikizo, ambalo kwa mtu mzima mwenye afya huwa kama milimita 5 hadi 10 za zebaki, hupanda. Bandama huvimba, na mishipa ya umio hututumka hata siku moja ikapasuka.

Mkanda wa kupimia presha mkononi hauoni shinikizo hilo. Katika miaka ya 1960, madaktari wa Mulago, Kampala, walilipima kwa sindano iliyochomwa katika bandama yenyewe. Njia ya pili ni kupitisha mrija mwembamba katika mshipa wa shingo hadi kwenye mishipa itoayo damu katika ini. Vipimo hivyo viwili vikilinganishwa, hueleza kizuizi kilipo. Kwa mgonjwa wa kichocho kizuizi kiko langoni: upande wa bandama shinikizo huwa juu, ilhali upande wa kutokea laweza kuwa la kawaida. Kwa yule ambaye ini lake limeharibiwa na pombe, pande zote mbili huwa juu. Hivyo tarakimu mbili zaweza kumtetea mtu kuliko mashahidi kumi.

Siku hizi sindano ya bandama ni nadra, kwa kuwa yaweza kuleta kuvuja damu. Koplo alipimwa kwa mashine ya ultrasaundi, isiyochoma wala kuumiza, ikaonyesha mshipa wa lango uliotanuka na makovu kandokando ya matawi yake. Kupapasa tumbo pekee hakungetosha, maana malaria ya mara kwa mara nayo huvimbisha bandama.

Alipewa vidonge vya prazikwanteli kwa kadiri ya uzito wake, viue minyoo. Makovu ya siku nyingi hayafutiki upesi. Kwa hiyo alipewa pia dawa ya kupunguza shinikizo, na mishipa ya umio ikafungwa kwa vijipira isipasuke tena.

Koplo amerudi Koboko, na bandama yake bado ni kubwa. Mkewe hakupita nyumba kwa nyumba akionyesha cheti. Alimchukua mtoto wao wa mwisho, aliyejifunza kuogelea Rhino Camp, akampeleka kupimwa choo.

Mabibi wa askari na polisi waliowahi kuishi kando ya mto nao wafanye vivyo hivyo, mapema, kabla ya damu. Mficha maradhi, kilio humfichua.