Logi Isiyotaja Kizio

Mwanafunzi mmoja wa Makongeni, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi uliojengewa wafanyakazi wa reli, alihitimu shule ya upili akiyaamini majedwali ya hisabati kama msahafu. Humo logi ya 2 ni 0.3010 na logi ya 100 ni 2. Alipoanza kujifunza Python, lugha mojawapo ya kuandikia programu za kompyuta, aliiagiza mashine impe logi ya 100. Akapewa 4.605. Alikagua tahajia, akakagua mabano. Havikuwa na ila. Akashuku kwamba kompyuta ni mbovu.

Kompyuta ilikuwa nzima. Utata ulikuwa katika neno. Kila logi ina kizio, yaani namba inayopandishwa kwenye kipeo fulani ili kupata namba nyingine: 10 ikipandishwa kwenye kipeo cha 2 huzaa 100. Mskoti John Napier alichapisha majedwali yake mwaka 1614. Mwaka 1617 Mwingereza Henry Briggs akatoa yaliyotumia kizio cha 10, na hayo ndiyo asili ya majedwali ya shuleni. Lakini katika C, Java na Python, neno log pekee humaanisha kizio e, ambacho ni takriban 2.718. Atakaye kizio cha 10 huandika log10.

Wapo wanaogawanya log ya namba kwa log ya 10. Kihisabati njia hiyo ni sahihi, ila kompyuta huhifadhi desimali kwa makadirio. Kwa 1000, Python hutoa 2.9999999999999996; akatizaye desimali hubaki na 2 badala ya 3.

Suala hili linawahusu pia wanaisimu. Katika jina Makongeni, kiambishi -ni ndicho kinachoonyesha mahali. Kikiondolewa, yanabaki makonge tu. Vivyo hivyo, logi ikinyimwa kizio hubaki neno lisilo na makao, na kila msomaji hulipa makao aliyoyazoea. Mwanaistilahi anayetafsiri log kuwa “logi” na kutua kalamu amehamisha utata kutoka lugha moja hadi nyingine. Afadhali aseme “logi ya kizio 10” na “logi asilia”. Ni maneno marefu kidogo, lakini yangemwepusha kijana yule kuisingizia mashine.