SOYA YETU IWE KITOWEO CHETU



Hebu jiulize. Mwezi uliopita, nyumbani kwako mlikula nyama mara ngapi? Mlikula samaki mara ngapi? Na mayai je? Usinijibu mimi. Jibu moyoni mwako.

Katika nyumba nyingi za vijijini jibu ni mara chache. Siku nyingi tunakula ugali kwa mchicha, au ndizi kwa majani ya maboga. Vyakula hivi ni vizuri. Tusiviache. Lakini mtoto anayekua anahitaji pia chakula cha kujenga mwili. Akikikosa kwa muda mrefu, anadumaa. Urefu wake unakuwa mdogo kuliko umri wake. Anaugua mara kwa mara. Darasani anachoka upesi.

Sisi wa Morogoro tuna chakula cha kujenga mwili kinachoota shambani. Chakula hicho ni soya. Tunaipanda, tunaivuna, tunaipeleka sokoni. Lakini wengi wetu tukiulizwa soya ni ya nini, tunasema ni ya kuku.

Mimi ni mama wa watoto wanne. Naishi kwenye miteremko ya milima ya Uluguru. Leo nataka kukueleza jinsi ninavyoigeuza soya kuwa kitoweo cha kukaanga. Nje ni kikavu, kinalia menoni. Ndani ni laini. Kitoweo hiki kinaitwa tofu.

Soya si mgeni

Soya ililetwa nchini mwetu mwaka 1907, wakati wa utawala wa Wajerumani. Ilipandwa kwanza Amani, katika milima ya Usambara, Tanga. Basi imekaa nasi zaidi ya miaka mia moja.

Zaidi ya theluthi moja ya soya kavu ni protini, yaani kile kinachojenga mwili. Maharage ya kawaida nayo ni mazuri, lakini protini yake ni kama sehemu moja kati ya tano, au zaidi kidogo. Tena soya ina mafuta mengi kuliko maharage.

Wazee wanaikumbuka kampeni ya mwaka 1975 iliyoitwa Chakula ni Uhai. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili chakula bora. Siku hizi akina mama wengi wanaweka soya katika uji wa watoto. Hilo ni jambo jema. Lakini mtoto akishakua anaacha uji, anakaa kwenye sinia pamoja na wakubwa. Hapo soya inamwacha. Hapo ndipo tofu inapohitajika.

Tofu ni maziwa ya soya yaliyogandishwa na kukamuliwa maji. Watu wa China wanaila tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Hapa Morogoro tuna Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoanzishwa mwaka 1984. Katika miaka ya karibuni wataalamu wake wameshirikiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha China. Wamewafundisha wakulima wa mkoa wetu kupanda soya pamoja na mahindi. Wamewafundisha pia kutengeneza maziwa ya soya nyumbani. Anayejua kutengeneza maziwa hayo amekwisha fika nusu ya njia. Akiongeza ndimu, atapata tofu.

Kwa nini tuikaushe?

Kijijini kwetu watu kadhaa waliwahi kuchemsha soya kama maharage. Ilichelewa kuiva. Harufu yake haikuwapendeza watoto. Sahani zilirudi jikoni zimejaa. Sasa niambie, ndugu msomaji, chakula kilichobaki sahanini kinajenga mwili wa nani?

Kwa hiyo ukavu wa tofu si anasa. Ndio unaofanya watu waile. Mtoto anapenda kitu kinacholia menoni. Hata mzee anapenda.

Nitakupa mfano mmoja. Kwetu Uluguru ukoo unafuata upande wa mama. Kwa hiyo mjomba ni mtu mkubwa. Akija lazima apate chakula cha heshima, na heshima ni kuku. Siku moja mjomba wangu alikuja bila taarifa. Mimi nilikuwa na kuku wawili tu, wote wanataga. Mayai yao ndiyo yaliyokuwa yakininunulia madaftari ya watoto. Kuchinja kuku mmoja ni kupoteza nusu ya madaftari. Kutochinja ni kumvunjia mjomba heshima.

Asubuhi ile nilikuwa nimetengeneza tofu. Nikaikaanga, nikapika wali na mchuzi wa nyanya, nikamkaribisha. Mjomba akatafuna. Sote tukausikia mlio.

"Mwanangu, huyu ni samaki gani?" akauliza.

"Si samaki, mjomba. Ni soya."

Akanyamaza kidogo. "Soya? Hii hii ya kuku?"

"Ndiyo, mjomba. Hii hii."

Akacheka. "Basi leo kuku wamelala njaa kwa ajili yangu," akasema. Kisha akanyosha mkono, akachukua kipande kingine. Kuku wangu wawili wakaendelea kutaga.

Jinsi ya kutengeneza tofu

Tafuta vitu hivi: soya nusu kilo, ndimu sita, chumvi, kitambaa safi chepesi, sufuria kubwa, na kikapu kidogo au chujio. Ndimu tunazo nyingi upande wa Matombo na Mkuyuni. Ukikosa ndimu, tumia limau.

1. Chagua soya. Toa mawe na punje zilizooza au zenye ukungu. Osha. Loweka katika maji mengi usiku kucha. Sehemu za baridi, kama Mgeta, loweka kwa muda mrefu zaidi. Punje ikikatika kwa urahisi kati ya vidole, na ndani iko laini, imelowana.

2. Mwaga maji ya kulowekea. Twanga soya katika kinu mpaka ilainike kabisa. Mwenye jiwe la kusagia au mashine ya jikoni aitumie.

3. Changanya soya hiyo na maji safi lita nne. Chuja kwa kitambaa. Kamua kwa nguvu. Maji meupe yanayotoka ndiyo maziwa ya soya. Makapi usiyatupe.

4. Chemsha maziwa huku ukikoroga. Tumia sufuria kubwa, kwa sababu maziwa haya hufura na kumwagika upesi. Usiondoke jikoni. Yakishachemka, punguza moto, yaache yaendelee kuchemka polepole kwa dakika 20.

5. Epua. Subiri dakika tano. Kamua ndimu zote, changanya maji yake na kikombe kimoja cha maji ya moto. Mimina theluthi moja katika maziwa. Koroga polepole, mara mbili au tatu tu. Subiri kidogo. Mimina tena, mpaka uone mabonge meupe yamejitenga na maji ya njano. Maji yakiwa bado meupe kama maziwa, ongeza ndimu kidogo.

6. Tandika kitambaa ndani ya kikapu. Chota mabonge kwa upawa, weka ndani. Kunja kitambaa juu yake. Weka sahani, na juu ya sahani weka jiwe safi. Acha kwa saa moja au zaidi. Ukifungua utakuta bonge gumu linalokatika kwa kisu. Hiyo ndiyo tofu. Nusu kilo ya soya hutoa tofu kiasi cha robo tatu ya kilo, na wakati mwingine zaidi.

Jinsi ya kukaanga

Hapa, ndugu msomaji, soma taratibu. Adui wa ukavu ni maji. Tofu yenye maji ikiingia katika mafuta, inapoza mafuta, inarusha matone, na inabaki laini kama sifongo.

Kata tofu vipande vyenye unene wa kidole. Weka katika bakuli. Chemsha maji yenye chumvi ya kutosha na kitunguu saumu kilichopondwa, uyamimine juu ya vipande. Subiri robo saa. Tofu peke yake haina ladha. Maji haya yanaipa ladha, na chumvi husaidia kuvuta maji yaliyo ndani.

Toa vipande, vipange juu ya kitambaa kikavu. Vifunike kwa kitambaa kingine, uvikandamize kwa kiganja. Kisha viache vipigwe na hewa kwa nusu saa. Wafukuze inzi.

Sasa chukua unga wa muhogo. Changanya na pilipili manga kidogo iliyotwangwa. Pilipili manga inalimwa katika milima yetu hii. Gagaza kila kipande katika unga, kisha ukung'ute. Unga uwe mwembamba. Unga wa muhogo hunywa maji yaliyobaki juu ya tofu, na katika mafuta ya moto hugeuka kuwa ganda gumu. Ukikosa unga wa muhogo, tumia unga wa mchele.

Weka mafuta katika kikaango, yafike nusu ya unene wa vipande. Yapashe moto. Dondosha punje ya tofu. Ikikaa kimya, mafuta bado. Ikitoa mapovu mengi papo hapo, mafuta yako tayari. Mafuta yakitoa moshi, moto umezidi. Punguza.

Weka vipande vichache, visigusane. Usiviguseguse. Ganda likishashika, kipande kitaachia kikaango chenyewe. Hapo kigeuze. Kikiwa na rangi ya dhahabu pande zote, kitoe.

Usivirundike vipande ndani ya bakuli, wala usivifunike kwa kifuniko. Mvuke utageuka maji, na maji yatalilainisha ganda. Vipange juu ya chekeche au kikapu, hewa ipite chini. Mchuzi upike kando, wa nyanya, vitunguu na karoti za Mgeta. Mimina mchuzi mezani, wakati wa kula, au kila mtu achovye mwenyewe.

Mambo ya kukumbuka

Usile soya mbichi, wala usimpe mtoto maziwa ya soya ambayo hayajachemka vizuri. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga chakula. Moto ndio unaokivunja. Ndiyo maana nimesema dakika 20 za kuchemka.

Makapi yaliyobaki ni mabichi. Nayo yapikwe. Mimi nayachanganya na vitunguu, nayakaanga mpaka yaive kabisa. Yakibaki, nayachemsha ndipo nawapa kuku. Hivyo hata kuku hawakosi fungu lao.

Mtoto mchanga aliye chini ya miezi sita anyonye maziwa ya mama tu. Maziwa ya soya hayachukui nafasi ya maziwa ya mama. Mtoto mdogo aliyekwisha kuanza kula, usimpe vipande vikavu, atapaliwa. Chukua tofu laini iliyoiva, iponde, uichanganye na chakula chake. Mtu akila soya akavimba midomo, akawashwa mwili au akabanwa pumzi, aache mara moja na apelekwe kituo cha afya.

Tofu haikai bila baridi. Itengeneze asubuhi, iliwe siku hiyo hiyo.

Piga hesabu mwenyewe

Utasema kazi hii ni ndefu. Ni kweli. Kuloweka, kutwanga, kuchuja na kuchemsha kunachukua muda. Kuni pia zinatumika. Kwa hiyo tusimwachie mama peke yake. Kwangu baba watoto ndiye anayetwanga, na kijana mkubwa anakamua kitambaa. Mikono yake ina nguvu kuliko yangu. Majirani wawili au watatu wanaweza kutengeneza pamoja kwa moto mmoja, wakagawana.

Mimi sitakutajia bei, kwa sababu bei hubadilika. Fanya hivi. Siku ya soko chukua kalamu na karatasi. Uliza bei ya kilo moja ya nyama. Andika. Uliza bei ya kilo moja ya dagaa. Andika. Uliza bei ya kilo moja ya soya. Andika. Ongeza bei ya ndimu, mafuta na kuni. Kumbuka kwamba kilo moja ya soya hutoa kilo moja na nusu ya tofu. Ukifika nyumbani, kaa na mwenzako, msome karatasi hiyo pamoja. Mtaamua wenyewe.

Na kama unalima soya, nakuomba jambo moja. Mwaka huu mnunuzi akija na mizani yake, usimpimie yote. Kabla hajafika, jaza debe moja, lifunike vizuri, uliweke ndani. Hilo ni la watoto.