Ngoma Zilizonyamaza Bujora

Ndugu msomaji, ikiwa Jumapili hii una nafasi, ondoka Buswelu asubuhi pamoja na watoto, jua lisije likawa kali. Pitia Nyamhongolo, uingie barabara kuu iendayo Musoma, na mara utafika Kisesa. Hapo ndipo ilipo njia ya kwenda Bujora, penye makumbusho ya Wasukuma yaliyoasisiwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyezienzi ngoma ambazo baadhi ya wenzake waliziita ushenzi.

Katika jengo la watemi utaziona ngoma za utawala. Utemi ulipofutwa mwaka 1963, nazo zikanyamaza.

Nilipozitazama nilizikumbuka tabla za Wahindi, ambazo sauti yake huisikia mara kwa mara nipitapo mjini Mwanza. Tabla ni ngoma mbili ndogo: ya mkono wa kulia ni ya mti, ya kushoto mara nyingi ni ya madini. Katikati ya ngozi mna duara jeusi la uji mzito uliochanganywa na unga wa chuma, likapakwa tabaka juu ya tabaka. Duara hilo ndilo huifanya ngozi iimbe badala ya kuvuma tu. Mwanasayansi wa India, C. V. Raman, aliandika habari zake mwaka 1920. Sauti ikilegea, fundi hugonga kwa nyundo ndogo vijiti vinene vilivyopachikwa chini ya kamba za ngozi.

Sisi nyundo hatuna, tuna moto. Ngoma husogezwa karibu na majani yawakayo mpaka ngozi ikaze. Moto ukizidi, ngozi hupasuka. Ukipungua, ngoma hulia kama debe bovu. Kujua kipimo hicho ni kazi ya sikio, wala haikuandikwa popote. Basi ngoma isipopigwa, si ngozi peke yake ipoteayo, bali na sikio hilo. Kwa sababu hiyo mimi hupenda zaidi kwenda Bujora mwezi Juni, wakati wa Bulabo, Bagika na Bagalu washindanapo kwa ngoma na vijana wakaota moto pamoja na ngoma zao.

Siku ile mwanangu alinyoosha mkono aiguse ngoma ya mtemi. Mzee mwenyeji wetu akamzuia kwa upole, “Hiyo hapana, mjukuu wangu,” akamtoa nje, akampa ngoma nyingine. Aliipiga mpaka viganja vikamwasha, na njia nzima ya kurudi Buswelu akawa anapiga kiti cha gari.