Mlango Uliofungwa: Uangalizi wa Wanyonge Nakuru Wakati wa Korona

Wahenga walinena kuwa asiyekuwapo na lake halipo. Aghalabu methali hii hutumiwa kumsuta mtu aliyekosa kufika kikaoni na kwa hivyo akakosa fungu lake. Janga la Korona liliipa methali hii maana nyingine, tena nzito zaidi. Wako watu waliokuwapo, majumbani mwao na vitandani mwao, lakini kwa kuwa hapakuwa na jicho la kuwaona, lao likawa halipo. Insha hii inadhamiria kulitazama suala hilo katika Kaunti ya Nakuru, na kuuliza ni nani aliyekuwa na wajibu wa kuwaangalia wanyonge pale milango ilipofungwa.

Neno lenyewe linastahili kuchunguzwa kwanza. Katika mijadala ya ugatuzi nchini Kenya, kazi ya bunge la kaunti ya kuifuatilia serikali ya kaunti huitwa kwa majina kadhaa: usimamizi, ukaguzi, ufuatiliaji, uangalizi. Majina haya hutumiwa kana kwamba ni visawe, ilhali mizizi yake haifanani. Anayesimamia husimama juu ya jambo. Anayekagua hupita akilinganisha kilichopo na kilichoandikwa. Anayeangalia, kwa upande wake, hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Mama anapomwambia bintiye, "Mwangalie mtoto," hamwagizi amkodolee macho. Anamtaka amlishe, amfunike, na asimwache atambae hadi motoni. Vivyo hivyo mgonjwa huangaliwa, na mzee huangaliwa. Kiswahili kimeweka kuona na kutunza katika neno moja, na hekima hiyo si ya kupuuzwa. Anayetunza bila kuona hubahatisha. Anayeona bila kutunza ni mtazamaji tu.

Kabla ya mwaka 2013, mkazi wa Nakuru alikuwa na diwani wake katika Baraza la Manispaa. Baraza hilo lilikuwa na shule na zahanati zake, na ingawa lilikuwa na dosari nyingi, mtu alijua mlango wa kubisha. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013 mabaraza hayo yalitoweka, na nafasi yake ikachukuliwa na serikali za kaunti. Kwa mujibu wa Kifungu cha 185 cha Katiba ya 2010, bunge la kaunti lina mamlaka ya kuiangalia kamati kuu ya kaunti na vyombo vingine vya utendaji. Kifungu cha 195 kinaliruhusu kumwita mtu yeyote aje kutoa ushahidi au maelezo. Kifungu cha 196 kinalitaka lifanye shughuli zake hadharani na kuwashirikisha wananchi. Nakuru ina wadi 55, na kila wadi ina mwakilishi wake. Katika maandishi, basi, hapana kijiji wala mtaa uliokosa jicho.

Hata hivyo, kamba hukatikia pabovu, na pabovu pa mfumo huu ni pale majukumu yanapogawanyika. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti huduma za afya, pamoja na vituo vya malezi ya watoto wadogo. Mpango wa Inua Jamii, ambao watu wengi huzijua fedha zake kwa jina la pesa za wazee, ni wa Serikali ya Kitaifa. Chifu na naibu wake ni watumishi wa Serikali ya Kitaifa; muuguzi wa zahanati ni mtumishi wa kaunti. Kwa hivyo mzee mmoja ana wenyewe wawili. Dawa yake ya kisukari inatoka upande huu, shilingi zake zinatoka upande ule, na mwakilishi wadi ambaye hukutana naye njiani hana mamlaka ila juu ya nusu ya maisha yake. Siku za kawaida mzee huyo huunganisha nusu hizo mbili kwa miguu yake mwenyewe: leo zahanati, kesho benki, keshokutwa baraza la chifu. Janga lilipokuja, lilimzuia kutumia miguu hiyo.

Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Katika majuma mawili shule na vyuo vikafungwa, mikutano ya hadhara ikapigwa marufuku, na tarehe 27 Machi kafyu ikaanza. Mabunge kadhaa ya kaunti yaliahirisha au kupunguza vikao vyake. Makao ya watoto yaliagizwa yawarudishe kwa jamaa zao watoto ambao jamaa zao wangeweza kupatikana. Tarehe 25 Machi Rais Uhuru Kenyatta alitangaza shilingi bilioni 10 za ziada kwa wazee, mayatima na wanyonge wengine. Tarehe 10 Juni Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kuwatunza nyumbani wagonjwa wasio na dalili kali. Fauka ya hayo, maziwa ya Bonde la Ufa yalifurika mwaka huo huo, na maji ya Ziwa Nakuru yakavuka mipaka ya mbuga na kuwahamisha baadhi ya majirani zake.

Mwenye kuzitazama hatua hizi kwa makini ataona jambo moja linalozifunga pamoja. Karibu kila moja ilihamisha utunzaji kutoka mahali pa hadhara hadi nyuma ya mlango wa nyumba. Mtoto alitoka kituoni akaenda kwa shangazi. Mgonjwa alitoka wodini akaenda chumbani. Mzee aliambiwa abaki ndani. Mzigo ulihamia nyumbani, lakini jicho la kuufuata halikuhamia pamoja nao.

Katika mtaa wa Rhonda aliishi bikizee mmoja ambaye jina lake halina haja ya kutajwa. Alikuwa amehamia hapo mwaka 2008 baada ya ghasia za uchaguzi, na alikaa peke yake katika chumba kimoja cha mabati. Alikuwa na kisukari. Bintiye wa pekee alifanya kazi Kisumu, na kila mwisho wa mwezi alikuja na dawa, unga na sabuni. Mwaka 2020 ulipita kwa taabu, lakini ulipita. Tarehe 26 Machi 2021 kaunti tano zilifungwa: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru. Mtu hakuruhusiwa kuingia wala kutoka. Mwisho wa mwezi ulifika na binti hakufika.

Aliyefika ni mama mmoja, mhudumu wa afya wa kujitolea, akiwa na barakoa na daftari. Alisimama nje ya mlango kama alivyoelekezwa, akauliza maswali yaliyokuwa daftarini: homa, kikohozi, safari, mgeni yeyote. Bikizee akajibu yote kwa "la". Mhudumu alipofunga daftari akauliza swali ambalo halikuwamo.

"Nyanya, umekula?"

"Mwanangu," bikizee akajibu, "hilo nalo limeandikwa humo?"

Mgonjwa haulizwi uji, na mama yule alilijua hilo. Aligawana naye chakula cha watoto wake, kisha akaenda kwa mwakilishi wadi. Mheshimiwa alimsikiliza kwa heshima, akatoa fedha mfukoni mwake zinunuliwe unga. Mama akashukuru, akauliza kama jambo hili lisingefikishwa bungeni, kwani wazee wa namna hiyo walikuwa wengi mtaani.

"Bunge gani, mama?" mheshimiwa akajibu. "Bunge limefungwa."

Hakusema uongo. Amri iliyozifunga kaunti tano ilisimamisha pia vikao vya mabunge ya kaunti hizo. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Katika majuma ambayo Nakuru ilikuwa imetengwa na sehemu kubwa ya nchi, chombo kilichopewa na Katiba kazi ya kuiuliza serikali ya kaunti jinsi ilivyowatunza watu wake kilikuwa kimenyamazishwa, tena kwa amri ya upande wa utendaji. Vikao viliruhusiwa kurejea tangazo la tarehe 1 Mei 2021 lilipoondoa vizuizi. Unga wa mheshimiwa ulikuwa hisani, na hisani ni jambo jema. Ila hisani humfaa mmoja kwa wiki moja. Uangalizi ungeuliza ni wazee wangapi katika wadi ile waliokuwa wakiishi peke yao, ni nani aliyewapelekea dawa, na kama hakuna, kwa nini.

Kidonda kidogo kilichoanza mguuni mwa bikizee mwezi wa Aprili kilionwa na daktari mwezi wa Juni. Vidole viwili vikakatwa. Hakuhesabiwa miongoni mwa wagonjwa wa Korona, kwa sababu hakuugua Korona. Hakuingia katika ripoti yoyote ya fedha, kwa sababu hakuna fedha iliyotumika kwake. Lake halikuwapo.

Itakuwa dhuluma kudai kwamba milango ilifungwa kwa ubaya. Ugonjwa uliwaua wazee kuliko vijana, na kikao cha watu wengi katika chumba kimoja kilikuwa hatari ya kweli. Wala tatizo hili si la Nakuru pekee. Kule Uingereza, taasisi inayokagua makao ya wazee ilisitisha ukaguzi wake wa kawaida mwezi wa Machi 2020, na majira yale yale wazee wengi wakafariki katika makao hayo. Taifa lenye uzoefu wa miongo mingi lilikumbana na mtego ule ule: kinga inayomzuia mgeni mwenye virusi humzuia pia shahidi.

Aidha, haiwezi kusemwa kwamba hakuna lililokaguliwa. Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ilifanya ukaguzi maalum wa fedha za Korona, zikiwemo zile zilizotumiwa na kaunti, na Seneti iliunda kamati ya muda ya kulifuatilia janga. Kazi hiyo ilikuwa na manufaa makubwa. Lakini ukaguzi wa hesabu huja baada ya tendo, na hufuata shilingi. Pale shilingi isipofika, mkaguzi hana nyayo za kufuata. Kumwangalia mtu ambaye hakupata kitu ni kazi ya mwakilishi anayemjua kwa uso.

Kutokana na hayo, mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, uangalizi uhesabiwe kuwa huduma ya lazima, sawa na hospitali. Kamati ya watu watano inaweza kukutana kwa simu, na wajumbe wawili wenye barakoa wanaweza kusimama mlangoni kama alivyosimama yule mama. Pili, kila wadi iwe na orodha ya wazee, walemavu na wagonjwa wanaoishi peke yao, iliyoandikwa kabla ya janga. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamepewa vifaa na posho inayochangiwa na serikali zote mbili. Daftari zao zikiongezwa swali moja la chakula na moja la dawa, mwakilishi atakuwa na la kuuliza bungeni.

Jambo la tatu linawahusu wasomaji wa jarida hili. Ripoti za ukaguzi, na aghalabu ripoti za kamati za mabunge ya kaunti, huandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba, lakini bikizee wa Rhonda hawezi kusoma yaliyoamuliwa juu ya zahanati yake. Asiyeweza kusoma ripoti hawezi kusema, "Hapa mmeniacha nje." Wanafunzi wa Kiswahili wamejifunza tafsiri, isimujamii na uandishi wa kiuamilifu. Ripoti moja fupi ya kamati ya afya, ikitafsiriwa kwa Kiswahili sahili na kusomwa kwa sauti katika baraza la wadi, ingekuwa zoezi bora kuliko vifungu vingi vinavyotafsiriwa darasani na kutupwa.

Nakuru ilitawazwa kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, na barabara zake zikapambwa kwa ajili ya siku hiyo. Jiji hujulikana pia kwa idadi ya milango ambayo kuna mtu anayejua nyuma yake yuko nani. Janga jingine likija, na wataalamu hawana shaka kwamba litakuja, milango itafungwa tena. Orodha ya wanaokaa ndani peke yao inaweza kuanza kuandikwa leo, wadi moja baada ya nyingine, wakati bado mtu anaruhusiwa kubisha hodi.