Bahari ya Malindi Hutwaa na Kutoa

Katika mji wa Malindi bahari hufanya kazi mbili. Penye mnara wa Vasco da Gama mawimbi huligonga jabali la matumbawe na kulila kwa chini, mpaka kipande cha juu kikose egemeo, kianguke. Lakini mbele ya mji ufuo umepanuka, na maji yamesogea mbali. Mchanga huo waletwa na Mto Sabaki, ambao huko bara huitwa Athi. Mvua za vuli zikinyesha maji yake huwa mekundu, na kaskazi ikivuma husukuma udongo kusini hadi ghubani. Basi mkulima wa Machakos asiyechimba matuta ajue kwamba shamba lake linasafiri: halirudi lilikotoka, wala halioti mahindi huko liendako.